MBABULA ISILALE NDANI YA NYUMBA

Mama mpenzi, wakati wa mvua baridi inashuka katika milima ya Fizi. Hata huku Baraka, kando ya ziwa, mama aliyezaa anataka mtoto wake asikie joto. Anaingiza mbabula chumbani, anafunga mlango na dirisha, wanalala. Asubuhi huenda wasiamke.

Kwa nini? Makala yanayowaka, hata yakiwa mekundu bila moshi, yanatoa hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haionekani wala haina harufu. Inaingia katika damu na kushika nafasi ya oksijeni, hewa ya uzima. Mtoto aliye tumboni anaumia pia.

Alama zake: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, kukosa nguvu, usingizi mzito. Wengine husema ni malaria. Lakini mwili hauna moto, na watu wa nyumba wanaugua pamoja.

Fanya hivi:

1. Washa mbabula nje, na uiache nje.
2. Usilale nayo ndani, hata makala yakifunikwa na majivu.
3. Mtoto mchanga apate joto kifuani pako, ngozi kwa ngozi, ndani ya kitenge.
4. Ukikuta mtu amelegea, fungua milango, mtoe nje, mpeleke hospitali upesi.

Ulizo la kwenda nalo nyumbani: Usiku huu mbabula yako italala wapi?