UMEME WA JUA KWA VISIWA VYETU: NAMNA YA KUUPIMA NA KUULINGANISHA NA NISHATI NYENGINE

Somo kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi

UTANGULIZI

Suala la kuzalisha umeme mwingi kwa nguvu ya jua limekuwa likizungumzwa maofisini, mabarazani na katika vikao vya shehia. Wapo wanaoamini kuwa jua litaondoa shida zote za umeme visiwani, kwa hoja kwamba jua halinunuliwi na Mwenyezi Mungu ametujaalia nalo mwaka mzima. Wapo pia wanaoliona jambo hilo kuwa ni la kuwashia taa mbili tatu na kuchajia simu tu. Kila upande una sehemu ya ukweli, lakini hakuna upande ambao peke yake unaweza kuisaidia nchi kufikia uamuzi.

Madhumuni ya somo hili ni kumpa msomaji vipimo vichache atakavyoweza kuvitumia kila anapoletewa mapendekezo ya mtambo wa sola, awe ni mtumishi anayepitia andiko la mradi au mwananchi anayeulizwa rai yake kuhusu ardhi ya kijijini kwao.

1. TULIKOTOKA

Kisiwa cha Unguja kiliunganishwa na gridi ya Tanzania Bara mwaka 1980 kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Waya huo ulikuwa na uwezo wa megawati 45. Kwa miaka mingi ulituondolea mzigo wa kuendesha majenereta, na kwa sababu hiyo watu wengi walisahau kwamba kisiwa kizima kinaning'inia kwenye uzi mmoja.

Ukumbusho ulikuja mara mbili. Mwezi wa Mei 2008 umeme ulikatika Unguja nzima kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Mwezi wa Disemba 2009 ulikatika tena, na haukurudi hadi mwezi wa Machi 2010. Katika miezi hiyo mitatu pampu za maji zilisimama, wenye samaki walikosa barafu, mafundi walikaa bila ya kazi, na mwenye jenereta alilazimika kununua mafuta kila siku.

Baada ya hapo hatua zilichukuliwa. Pemba, ambayo hadi wakati huo ilitegemea majenereta ya dizeli, iliunganishwa na Tanga mwaka 2010. Unguja ilipata waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, mwaka 2013. Hali iliimarika, lakini funzo lilibakia pale pale: usalama wa umeme wetu unategemea njia unayopita na chanzo kilichopo upande wa pili wa njia hiyo. Umeme wa jua nao hauna budi kupimwa kwa mizani hiyo hiyo.

2. MEGAWATI SI UNITI

Kosa linalotokea mara nyingi ni kulinganisha mitambo kwa megawati peke yake. Megawati ni uwezo wa mtambo unapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Anachonunua mwananchi kwa ajili ya mita yake ya TUKUZA ni uniti, yaani umeme uliokwisha kuzalishwa na kutumika. Jenereta la megawati 1, likipewa mafuta, linaweza kufanya kazi usiku na mchana. Mtambo wa sola wa megawati 1 hufikia uwezo huo kwa muda mfupi tu, pale jua linapokuwa kali na mbingu zikiwa safi.

Mfano mzuri upo kwa jirani zetu. Mtambo wa sola wa Garissa, nchini Kenya, uliozinduliwa mwezi wa Disemba 2019, una paneli zaidi ya 206,000 zenye uwezo wa jumla wa takriban megawati 54.6, na umechukua ardhi ya hekta 85. Ulikadiriwa kutoa kiasi cha uniti milioni 76 kwa mwaka. Lau mtambo huo ungelifanya kazi kwa nguvu zote saa 24 kila siku, ungelitoa zaidi ya uniti milioni 470. Hii ina maana kwamba kwa mwaka mzima unatarajiwa kutoa takriban asilimia 16 ya kiwango hicho.

Kutokana na mfano huo tunapata vipimo viwili vya kukumbuka. Megawati 1 ya sola huzalisha takriban uniti milioni 1.4 kwa mwaka, na huhitaji kiasi cha hekta 1.6 za ardhi. Hivyo basi, megawati 100 za sola si sawa na megawati 100 za waya wa baharini. Waya huo ukitumika kwa ukamilifu huweza kupitisha uniti milioni 876 kwa mwaka. Sola ya megawati hizo hizo ingelitoa kiasi cha uniti milioni 140.

Aidha, hali ya visiwani ina mambo yake. Paneli hupenda mwangaza lakini haipendi joto: ikifikia nyuzi joto 60, hupoteza takriban asilimia 12 ya nguvu zake ikilinganishwa na ilipokuwa na nyuzi 25. Chumvi ya bahari hula vyuma na maungio ya waya, na vumbi huzuia mwangaza. Mawingu ya masika nayo hupunguza uzalishaji kwa wiki kadhaa mfululizo. Kwa hiyo, makadirio ya mradi hayana budi kutokana na vipimo vya jua vilivyochukuliwa hapa hapa.

3. SAA YA KUZALISHA NA SAA YA KUTUMIA

Jua hutoa umeme mwingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Majumbani, matumizi hupanda baada ya Magharibi, watu wanaporudi makazini, taa zinapowashwa na feni kuanza kuzunguka. Mtambo wa sola usio na betri, hata ukiwa mkubwa namna gani, hautoi kitu saa 2 ya usiku.

Lipo jambo jengine ambalo wengi hawalijui. Mitambo mingi ya sola iliyounganishwa na gridi hutumia inveta ambazo hufuata mapigo ya umeme uliopo kwenye waya. Umeme wa gridi ukikatika, inveta hizo hujizima zenyewe, na hufanywa hivyo makusudi ili fundi anayetengeneza waya asije akaumia. Kwa mantiki hiyo, lau mwaka 2009 tungelikuwa na mtambo mkubwa wa sola wa aina hiyo bila ya betri wala mitambo mengine ya kuushikilia, mtambo huo nao ungelizimika siku ile ile waya ulipokatika, na paneli zingelibakia juani bila ya kumfaa mtu.

Hili ndilo jambo la msingi katika somo hili. Sola isiyo na hifadhi hupunguza gharama, lakini haileti usalama wa umeme. Anayetaka vyote viwili hana budi kuulizia betri na aina ya inveta kabla ya kuulizia idadi ya paneli.

4. NISHATI NYENGINE

(a) Dizeli. Jenereta huwashwa wakati wowote linapohitajika, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Upungufu wake ni gharama. Lita moja ya dizeli hutoa takriban uniti 3.5 hadi 4. Hivyo megawati 1 ya sola, ikichukua nafasi ya dizeli, huokoa zaidi ya lita 350,000 kwa mwaka. Dizeli inafaa kubakia kuwa akiba ya dharura.

(b) Maji. Umeme mwingi wa maji unaotufikia kwa waya hutoka katika mabwawa ya Tanzania Bara. Katika ukame wa mwaka 2006, na tena mwaka 2022, Bara ililazimika kugawa umeme kwa zamu. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mashine 9 na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024 na limeongeza nguvu kubwa katika gridi. Hapa sola na maji husaidiana: uniti inayotokana na jua mchana huyaacha maji yabakie bwawani yatumike usiku, na miezi ya kiangazi, ambayo mito hupungua, ndiyo miezi ya jua kali.

(c) Gesi. Gesi ya Songosongo ilianza kutumika kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Mitambo ya gesi haitegemei mvua wala jua, lakini inahitaji mabomba na malipo ya gesi kila siku, na umeme wake hutufikia kwa waya ule ule wa baharini.

(d) Upepo. Pepo za kaskazi na kusi ziliwaendesha wazee wetu baharini kwa karne nyingi, na zinaweza kuzungusha mitambo pia. Kenya ina mtambo wa upepo karibu na Ziwa Turkana wenye mapangaboi 365 na uwezo wa megawati 310. Hata hivyo, wakati wa maleleji, pepo zinapobadilishana, upepo hulegea. Faida yake ni kwamba upepo huweza kuvuma usiku, saa ambazo jua halipo.

5. KUHIFADHI

Kisiwa cha Kauai, Hawaii, kina ukubwa unaokaribia ule wa Unguja na kwa muda mrefu kilitegemea mafuta. Mwaka 2019 kulizinduliwa huko mtambo wa sola wa megawati 28 pamoja na betri za uniti 100,000. Betri hizo hujazwa mchana na huweza kutoa megawati 20 kwa muda wa saa 5, yaani jioni na usiku, wakati wa matumizi makubwa. Mfano huo unathibitisha kwamba jambo hilo linawezekana kisiwani. Lakini Kauai ina watu wapatao 70,000 tu, ilhali sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Unguja na Pemba. Hatuwezi kuuhamisha mfano huo kama ulivyo.

Betri si njia pekee. Uniti moja ya umeme, kwa kutumia pampu nzuri, huweza kupandisha takriban lita 7,000 za maji kwa kimo cha mita 30. Pampu za visima zikifanya kazi mchana na matangi yakawa makubwa, maji yanayoteremka usiku ni jua la mchana lililohifadhiwa. Viwanda vya barafu navyo huweza kugandisha mchana na kuuza alfajiri. Hifadhi za namna hii hazihitaji teknolojia ngeni. Zinahitaji mipango, matangi na ratiba.

6. ARDHI

Kwa kipimo tulichokitaja, megawati 100 za sola zingelihitaji kiasi cha hekta 160. Kwa nchi ya Bara hilo ni shamba moja, lakini kwetu sisi kila hekta ina mwenye kuitumia. Husemwa mara nyingi kwamba mitambo iwekwe katika ardhi ya maweni kwa kuwa hailimwi. Kauli hiyo inahitaji tahadhari. Maweni ndiko wananchi wengi wanakokata kuni, wanakolisha mifugo na wanakolima kwa kupokezana. Masheha na wananchi washirikishwe mapema, na matumizi ya sasa ya ardhi yaandikwe kabla mkataba haujatiwa saini. Mapaa ya skuli, hospitali, masoko na majengo ya Serikali nayo yahesabiwe kwanza, kwani hayahitaji ardhi mpya.

7. GHARAMA NA MIKATABA

Gharama ya kuzalisha uniti moja kwa mitambo mikubwa ya sola duniani ilishuka kwa takriban asilimia 90 kati ya mwaka 2010 na 2023. Kwa hiyo hoja ya zamani kwamba sola ni ghali mno haina nguvu tena. Hata hivyo, sola hulipiwa karibu yote mwanzoni, wakati jenereta hulipiwa kidogo kidogo kwa mafuta. Riba ya mkopo ndiyo inayoamua bei ya uniti ya sola. Paneli hudumu miaka 25 au zaidi. Inveta na betri huhitaji kubadilishwa kabla ya hapo, na fedha za kazi hiyo zitengwe tangu siku ya kwanza.

Mtumishi anayepitia mkataba wa kununua umeme aangalie mambo matatu: malipo ni kwa fedha gani, je, tutalipia hata umeme tusioutumia, na nani atakayeondoa paneli na betri zilizokwisha muda wake.

HITIMISHO

Umeme wa jua kwa kiwango kikubwa unawezekana visiwani, na kwa saa za mchana ni miongoni mwa umeme wa bei nafuu tunaoweza kuupata. Lakini hauchukui nafasi ya waya wa baharini, unasaidiana nao. Sehemu ya fedha inayowekwa kwenye hifadhi ndiyo itakayoamua iwapo, siku waya ukikatika tena, hospitali na visima vitaendelea kufanya kazi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mtambo wa sola wa megawati 5 unapendekezwa katika wilaya yenu. Utatoa takriban uniti ngapi kwa mwaka, na utahitaji hekta ngapi?

2. Je, mtambo huo utaendelea kutoa umeme gridi ikikatika? Ni nyaraka gani za mradi zinazothibitisha hivyo?

3. Ni kazi zipi katika ofisi, kisima au kiwanda chenu zinazoweza kuhamishwa kutoka usiku kwenda mchana?

4. Ardhi inayopendekezwa inatumiwa na nani hivi sasa, na watu hao wameulizwa?