Kushukuru Kabla ya Ushuhuda

Somo: 2 Samweli 9:1-13, Yohana 9:1-3, 1 Wathesalonike 5:18

Leo nataka tuongee na wazazi wanaolea watoto wenye ulemavu, pamoja na sisi sote tunaoabudu nao. Mimi pia ni mmoja wao. Binti yetu ana miaka sita, na ana mtindio wa ubongo.

Kwetu makanisani shukrani mara nyingi hungoja ushuhuda. Mtu akipata kazi au akipona, anaitwa mbele. Sasa yule mama ambaye mtoto wake bado hajatembea, anyamaze tu? Neno linatufundisha mambo matatu.

1. Neema haikungoja miguu ipone

Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano mlezi wake alipokimbia naye, akaanguka, akalemaa (2 Samweli 4:4). Baadaye Daudi alimtafuta kwa ajili ya Yonathani, akamrudishia mashamba ya Sauli na kumpa nafasi mezani pake siku zote. Soma mstari wa 13 polepole. Sura inaisha akiwa anakula kwa mfalme, na miguu yote miwili bado imelemaa. Tunaamini uponyaji na tunauombea. Lakini mezani tumeshakaribishwa.

2. Aliye kizimbani hawezi kushukuru

Wanafunzi walipomwona kipofu waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akasema si yeye, wala si wazazi wake. Mzazi anayeambiwa kila siku kwamba kuna laana nyumbani kwake, akipiga magoti anajitetea tu. Ndugu, Yesu alishaifunga hiyo kesi. Omba kama mtoto aliye kwa Babake.

3. Katika kila jambo, si kwa ajili ya kila jambo

Paulo anatufundisha kushukuru tukiwa katika kila hali. Hiyo si kusema ati tushukuru kwa sababu ya kifafa. Saa nane usiku mtoto akishikwa, mimi simshukuru Mungu kwa kifafa. Namlilia. Halafu namshukuru kwamba hatuko peke yetu chumbani.

Nilisomea biashara, na huko tulifundishwa kwamba daftari la hesabu lina pande mbili. Ukiandika mapato pekee, hayo si mahesabu, ni udanganyifu. Hata Zaburi ya 13 inaanza na kilio na kuisha na wimbo. Kwa hivyo nyumbani tuna daftari la maombi. Kushoto tunaandika kilio, kulia shukrani. Juzi kushoto tuliandika: makanga amekataa kutubeba kwa sababu ya kiti cha magurudumu. Kulia: leo ameshika kijiko mwenyewe, mara tatu. Tunaomba pande zote mbili, na hatupigi salio. Salio tunamwachia Mungu.

Kwa kanisa

Tusimwambie mzazi kwamba imani yake ni ndogo. Daudi hakuishia kwa maneno matamu. Alimwagiza Siba, aliyekuwa na wana 15 na watumishi 20, alime yale mashamba. Shukrani ya mzazi hupata nguvu akiona watu. Kaa na mtoto wake ibada moja ili naye aombe. Msindikize kliniki ya mazoezi ya viungo, au anapoenda kumsajili mtoto kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mafundi walio kati yetu, tazameni ngazi za mlango wetu.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni kilio gani umekuwa ukimficha Mungu ili uonekane una imani?
2. Ni familia gani tutaitembelea wiki hii, na tutafanya kazi gani tukifika?

Tuombe

Baba, asante kwa watoto hawa, si kwa maumivu yao. Asante kwa kijiko, kwa tabasamu, kwa usiku uliopita salama. Yale ambayo bado hatuyaelewi tunayaleta kwako jinsi yalivyo. Utuponye, na utufanye kuwa meza ambayo kila mtoto ana nafasi yake. Katika jina la Yesu, amina.