Tindikali ya floraidi ikimwagika barabarani: Jiweke mbali, osha kwa maji mengi, wahi hospitali

Wiki hii safu yetu inawaangalia kwa karibu wenzetu wa Tunduma, Mlowo, Vwawa na vijiji vyote vilivyopakana na barabara kuu iendayo Zambia. Hata hivyo, anayeishi kandokando ya barabara yoyote ya malori naye atapata faida.

Wakazi wa Tunduma wanajua foleni ya malori. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilipofunguliwa mwaka 2019, magari yanayokwenda na kutoka Zambia na Kongo hukaguliwa kwa utaratibu mmoja, lakini wingi wake bado ni mkubwa. Shaba huteremka kuelekea bandari ya Dar es Salaam, na mafuta, salfa na kemikali za migodini hupanda. Malori hayo hulala karibu na nyumba zetu, shule zetu na misikiti yetu, na mengine huanguka kwenye miteremko kama ule wa Senjele. Hivyo swali la kujiuliza ni hili: siku lori la kemikali likipinduka mbele ya mlango wako, familia yako itafanya nini?

Kwa bahati mbaya, wengi wetu tumezoea kulikimbilia gari lililoanguka na ndoo mkononi. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafariki. Petroli angalau tunaifahamu kwa harufu yake. Leo tuzungumzie kitu ambacho wengi hawakifahamu.

NI KITU GANI HIKI?

Neno floraidi umelisoma kwenye dawa ya meno. Humo imo kwa kiasi kidogo sana, na hulinda meno. Lakini floraidi hiyohiyo inapokuwa katika tindikali kali, iitwayo asidi ya hidrofloriki, huwa ni moja kati ya kemikali hatari zaidi kwa mwili wa binadamu. Hutumika viwandani kuchora vioo, kusafisha vyuma na kuchambua baadhi ya madini. Pia imo katika baadhi ya dawa za kuondoa kutu na za kung'arisha bodi na ringi za aluminiamu, vitu ambavyo vijana wanaoosha magari wanaweza kuvishika bila kujua.

Tindikali ya betri ukiimwagikiwa, huunguza papo hapo na utapiga kelele. Hii ya floraidi ina hila. Ikiwa imechanganywa na maji mengi, inaweza kukaa saa kadhaa, hata siku nzima, kabla maumivu hayajaanza. Ngozi huonekana nzima, huku sumu inapenya hadi kwenye nyama na mfupa. Humo hukamata madini ya kalsiamu, ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa. Kwa sababu hiyo mtu aliyemwagikiwa tindikali kali sehemu ndogo tu ya mwili, kama ukubwa wa viganja viwili, anaweza kufa kwa moyo kusimama.

Isiyochanganywa na maji hugeuka mvuke kwenye joto la nyuzi 19.5. Maana yake ni kwamba katika baridi ya usiku wa Juni pale Tunduma inaweza kutulia kama maji, na jua likipanda ikawa moshi mweupe unaochoma macho na mapafu.

Tarehe 27 Septemba 2012, katika mji wa Gumi nchini Korea Kusini, tani zipatazo 8 za gesi hii zilivuja kiwandani. Watu 5 walifariki, maelfu walitafuta matibabu, mazao yakanyauka na mifugo ikaugua katika vijiji vya jirani.

UTAITAMBUAJE?

Lori la kemikali hutakiwa kubeba alama. Alama ya vitu vinavyounguza ni pembe nne iliyosimama kwa ncha yake, juu nyeupe na chini nyeusi, ina picha ya vichupa viwili vikimwagia mkono na chuma, na chini kabisa namba 8. Kwenye kibao cha rangi ya chungwa huwa na namba za tarakimu nne. Namba 1790 ni tindikali ya floraidi iliyo na maji, 1052 ni ile isiyo na maji, na 1830 ni tindikali ya salfa. Wafundishe watoto alama hiyo kama unavyowafundisha kuvuka barabara. Isome kwa mbali. Usisogee ili uisome vizuri.

LORI LIKIPINDUKA

1. Jiweke mbali. Miongozo ya waokoaji huanza na mita 50 pande zote kwa kimiminika kinachounguza, na mita 800 iwapo tangi linaungua. Wewe usiye na vifaa ongeza zaidi.

2. Angalia upepo kwa kutazama moshi wa jikoni au majani ya migomba. Elekea kule upepo unakotoka, na panda juu, usishuke bondeni. Kama gari lenyewe liko upande unaotoka upepo, kata kwa ubavuni.

3. Usivute sigara wala kuwasha moto. Tindikali ikikutana na vyuma hutoa gesi inayolipuka.

4. Usimwage mchanga. Hapa wengi hukosea, kwa kuwa tumezoea mchanga kwa petroli. Tindikali ya floraidi hula mchanga na kioo, na hutoa gesi nyingine ya sumu. Wala usimwage ndoo ya maji juu ya dimbwi lake, kwani huchemka na kuruka. Kuizima kwa chokaa ni kazi ya wataalamu wenye mavazi maalumu.

5. Piga simu 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, au 112 kwa polisi. Taja mahali, rangi ya moshi na namba uliyoiona. Mwenyekiti wa mtaa naye aarifiwe. Kipaza sauti cha msikiti ni msaada mkubwa wa kuwaonya watu, ilimradi anayetangaza hayuko ndani ya moshi.

6. Walio ndani ya nyumba na hawawezi kuondoka wafunge milango na madirisha, na waweke vitambaa vilivyolowa kwenye nyufa.

Na ndugu msomaji, mzigo wa gari lililoanguka una mwenyewe. Kuchukua dumu lake ni kula mali ya mtu, na huenda umebeba kifo ukakipeleka kwa watoto wako.

ALIYEMWAGIKIWA ASAIDIWEJE?

Msaidizi avae glavu za mpira, au afunge mikono kwa mifuko mizima ya plastiki. Mgonjwa avuliwe nguo zote zilizoingia kemikali, pamoja na viatu, saa na pete. Buibui, kanzu au hijabu visipitishwe usoni. Vikatwe kwa mkasi. Kuna akina mama wanaoona haya kuvuliwa mbele za watu, na dakika zinapita. Uhai uko hatarini, na hiyo ni dharura. Wanawake wenzake wamzungushie khanga ziwe pazia, kazi iendelee bila kusita.

Kisha amwagiwe maji safi mengi yanayotiririka, mara moja, kwa dakika 15 au zaidi. Ndoo moja haitoshi. Ikiwepo dawa ya jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5, maji ya dakika 5 yanatosha, kisha apakwe na kusuguliwa taratibu kwa mkono wenye glavu, na kurudiwa hadi afike hospitali. Machoni haipakwi jeli hiyo; jicho lisuuzwe kwa maji, kope zikiwa wazi, dakika 15 hadi 30. Msipake dawa ya meno, asali, siagi wala majivu, maana vinachelewesha tiba.

Aliyevuta moshi akalishwe kwenye hewa safi. Aliyemeza asitapishwe, akiwa na fahamu zake apewe maji au maziwa, hata kama amefunga, kwani mgonjwa ana ruhusa.

Wote hawa wapelekwe hospitali hata kama hawasikii maumivu, na daktari aambiwe wazi, "Amemwagikiwa tindikali ya floraidi." Bila neno hilo anaweza kutibiwa kama aliyeungua kwa maji ya moto, na kalsiamu asipewe. Viongozi wa mitaa na misikiti wangefanya jambo jema kuuliza mapema, katika kituo chao cha afya na katika hospitali ya mkoa iliyopo Vwawa, kama dawa hiyo ipo.

MAJI NA VYOMBO

Kemikali ikiingia mtaroni hufika kwenye visima. Tarehe 18 Februari 2025, bwawa la majitaka ya tindikali la mgodi wa shaba lilibomoka Chambishi nchini Zambia. Sumu ikaingia mto Kafue, na jiji la Kitwe likakatiwa maji. Basi baada ya ajali msinywe maji ya eneo hilo, msinyweshe mifugo wala msitawadhe kwayo hadi wataalamu wayapime. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Asiye na maji mengine salama kwa udhu, sheria imempa tayamamu.

Mwisho, yatazame madumu na mapipa ya maji nyumbani kwako. Je, unajua yalibeba nini kabla hujayanunua? Chombo kilichobeba kemikali hakisafishiki kwa sabuni na maji ya moto kikafaa kwa kunywea. Lebo yake ikiwa imebanduliwa na muuzaji hana jibu, kiache. Ni afadhali mama wa nyumbani achote kwa ndoo ndogo anayoijua asili yake kuliko kujaza pipa kubwa asilolijua.

Leo usiku, kabla ya kulala, kaeni na watoto muonyeshane upande wa kukimbilia na mahali pa kukutania.

Wabillahi tawfiq.