Anza na Koti Moja Linalokukaa

Mkazi wa Majengo anaijua Nyeri: asubuhi ya Julai unatoka nyumbani ukipuliza vidole, na kufikia saa saba mchana jua limekuvua sweta. Ndiyo sababu kila msimu wa baridi tunakimbilia mitumba. Jaketi la mia mbili hapa, sweta la mia pale, na Desemba ikifika kabati limejaa lakini siku ya mahojiano ya kazi hakuna cha kuvaa. Mimi mwenyewe nilienda mahojiano yangu ya kwanza na koti la kuazima lililonifika vidoleni.

Somo la mwezi huu ni kuanzia upande wa pili. Tafuta koti moja linalokukaa sawasawa, kisha nguo nyingine zilifuate.

Angalia mabega kwanza. Mshono wa bega uishie pale bega lako linapoishia. Fundi anaweza kupunguza kiuno, kufupisha mikono, hata kubadilisha bitana na vifungo. Mabega ni kazi nyingine: itabidi afumue sehemu kubwa ya koti, na malipo yake huenda yakapita bei uliyonunulia. Sasa funga vifungo, ukumbatie mikono kama anayebeba mtoto. Likikubana mgongoni, lirudishe. Mwisho ligeuze ndani. Kitambaa cha akiba kilichoachwa kwenye mishono ndicho fundi atakachotumia kulipanua ukinenepa.

Rangi iwe tulivu: bluu nzito, kijivu au kahawia. Jiulize kama litaendana na nguo tatu ulizo nazo tayari. Jibu likiwa hapana, hata kama ni kamera, mwachie mwingine. Kuvaa koti juu ya kanzu ni desturi ya zamani katika miji ya Waswahili. Anayelivaa hivyo Ijumaa anaweza kulivaa na suruali Jumatatu ofisini, na dada yake akavaa lake juu ya gauni harusini.

Tupige hesabu. Tuseme koti ni shilingi 800 na fundi 300. Ukilivaa mara tatu kwa wiki mwaka mzima, kila kuvaa ni kama shilingi 7. Shati la 200 lililovaliwa mara nne limekula 50 kila mara, na likiwa la polista haliozi likitupwa, kwa kuwa ni plastiki.

Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe hapa Nyeri, alipozuru Japani mwaka 2005 alivutiwa na neno mottainai, linalosemwa kwa masikitiko kitu cha thamani kinapopotezwa bure. Alilieneza kwingi duniani.

Kiwiko kikianza kulika, mpelekee fundi wiki hiyo hiyo. Kiraka cha ndani hakionekani. Tundu likishapanuka, kitaonekana.