Maswali na Majibu: Haki za Ardhi za Kaya na Ukataji Miti, Ngara na Biharamulo

1. Nini maana ya hakimiliki ya kimila? (Alama 2)
Ni haki ya kaya, mtu au kikundi kumiliki na kutumia ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Usiandike "kaya ni mwenye ardhi kabisa". Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma. Rais ni mdhamini.

2. Tofautisha ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. (Alama 4)
Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Ardhi ya hifadhi hutengwa kwa sheria maalumu, mfano Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoundwa 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Mfano usio na jina la mahali hauna alama.

3. Eleza jinsi haki dhaifu ya ardhi inavyochochea ukataji miti. (Alama 8)
Swali hili hurudi mara nyingi, lijue vizuri.
(a) Kufyeka huwa ushahidi wa kumiliki. Pasipo hati, aliyefyeka pori kwanza huhesabiwa mwenye shamba, na pori lililoachwa huonekana halina mtu. Hivyo kaya hufyeka zaidi ya inavyoweza kulima.
(b) Kaya yenye haki dhaifu haipandi miti wala haitunzi rutuba, kwa kuwa haina uhakika wa kuvuna. Udongo ukichoka, huhamia pori jipya.
(c) Haki dhaifu zaidi ni ya mjane. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, ila ukoo bado humwondoa shambani, naye huanza upya porini.
Kutaja hoja bila kueleza sababu: nusu alama.

4. "Kaya zikipewa hati, ukataji miti utakoma." Jadili. (Alama 6)
Si kweli moja kwa moja. Hati hulinda shamba. Msitu unabaki bila mwangalizi, wazi kwa wachoma mkaa na wafugaji. Msitu nao uwe na mwenyewe, kupitia mpango wa matumizi bora ya ardhi, na msitu wa hifadhi wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002. Tena hati ikitolewa kwa kigezo cha kufyeka, huongeza ufyekaji.

5. Wakimbizi wa Rwanda wa 1994 waliathirije misitu ya Ngara? (Alama 2)
Mwishoni mwa Aprili 1994 zaidi ya watu 200,000 walivuka mpaka wa Rusumo ndani ya takriban saa 24, wengi wakakaa kambi ya Benaco. Kuni na nguzo zilimaliza miti jirani. Hii ni sababu ya mahitaji, si ya haki ya ardhi: ukiiandika kwenye swali la 3, utapata sifuri.