Bima ya Ulemavu na Akiba ya Dharura kwa Msanii Aliyejiajiri

Kipato cha msanii aliyejiajiri hutoka katika mwili wake. Mnenguaji hutegemea magoti na kiuno, mpiga gitaa vidole, mwimbaji na mshereheshaji koo, DJ masikio. Kiungo hicho kikigoma, hakuna mshahara unaoendelea kuingia wala likizo ya ugonjwa yenye malipo. Ndiyo maana uamuzi kuhusu bima ya ulemavu na akiba ya dharura unapaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya kazi yenyewe, kama ilivyo kukagua vyombo au kusaini mkataba kabla ya kupanda jukwaani.

Zamani wanamuziki wengi wa dansi nchini Tanzania walikuwa na taasisi nyuma yao. Bendi ya NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Mlimani Park ikawa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam (DDC). Leo walio wengi hulipwa kwa onyesho, kwa harusi au kwa usiku mmoja, na wanapougua hutegemea michango ya wenzao na mashabiki. Mwaka 2013, Muhidin Maalim Gurumo alipotangaza kustaafu baada ya zaidi ya nusu karne ya muziki, Diamond Platnumz alimzawadia gari. Ilikuwa heshima kubwa kutoka kwa kijana kwenda kwa mkongwe, na ilistahili sifa zote ilizopata. Hata hivyo zawadi hutegemea moyo wa mtoaji. Haina tarehe ya malipo wala mahali pa kuidai, na msanii anayechelewa kupata umaarufu huenda asiipate kabisa.

Kabla ya kufikiria bima ya kununua, ni haki ya kila msanii kujua kama kweli amejiajiri. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, bila kujali mkataba wake umeitwa jina gani, iwapo kipo hata kigezo kimoja kati ya vilivyotajwa humo. Miongoni mwa vigezo hivyo ni kupangiwa saa za kazi na mtu mwingine, kupewa zana za kazi na mtu huyo, au kumfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mpiga besi anayehudhuria mazoezi kila siku, anayetumia vyombo vya bendi na kupiga katika ukumbi uleule kila wikiendi ana hoja nzito mbele ya mwenye bendi anayemwita mtu wa mkataba tu. Jambo hili lina uzito kwa sababu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, huchangiwa na mwajiri na hulipa fidia kwa mwajiriwa anayeumia au kuugua kutokana na kazi. Mwenye bendi anayekwepa kuwasajili watu wake anawanyima haki yao. Msanii aliyejiajiri kweli, kwa upande wake, hawezi kuutegemea mfuko huo, na ndiye anayehitaji zaidi mwongozo huu.

Bima anayopewa mara nyingi sokoni ni bima ya ajali binafsi, ama peke yake, ama ikiwa kiambatisho cha bima ya maisha. Kwa kawaida hulipa mkupuo endapo ajali itasababisha kifo au ulemavu wa kudumu, na baadhi ya mikataba huongeza malipo ya kila wiki kwa ulemavu wa muda. Neno la kutazamwa kwa makini hapo ni ajali. Vinundu kwenye nyuzi za sauti, masikio yaliyochoka kwa kukaa miaka mingi karibu na spika na goti lililolika kwa kucheza kwenye sakafu ya saruji si ajali kwa maana ya mkataba. Ni magonjwa au uchakavu wa taratibu. Mwimbaji anayepoteza sauti kwa njia hiyo anaweza kuwa amelipa ada kwa miaka mingi na asipate hata shilingi, bila kampuni kuvunja mkataba. Anayetaka kinga dhidi ya maradhi hana budi kuulizia bima inayotaja ugonjwa waziwazi, na akubali kwamba ada yake itakuwa kubwa zaidi.

Jambo la pili ni jedwali la asilimia. Mikataba mingi hupima ulemavu wa kudumu kwa kiungo: mkono, jicho na kidole kila kimoja kina sehemu yake ya kiasi cha bima. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto huwa na asilimia ndogo, kwa sababu jedwali limeandikwa kwa kumfikiria mtu yeyote. Kwa mpiga gitaa au mpiga kanuni, kidole hichohicho ndicho ajira yake. Kwa hiyo maelezo ya ulemavu katika hati ya bima yana thamani kuliko tarakimu kubwa iliyoandikwa ukurasa wa mbele. Ipo mikataba inayolipa mtu anaposhindwa kufanya kazi yake mwenyewe, na ipo inayolipa pale tu anaposhindwa kazi yoyote ile. Chini ya aina ya pili, mnenguaji aliyevunjika goti ataambiwa bado anaweza kukaa dirishani na kuuza tiketi. Msanii anayekabidhiwa hati yenye maneno ya aina hiyo ana haki ya kuomba yabadilishwe kwa maandishi, au kwenda kampuni nyingine. Ahadi ya mdomo ya wakala haiwezi kuziba pengo hilo.

Akiba ya dharura ina tabia tofauti. Haimuulizi mtu ameumiaje. Hulipa homa ya wiki mbili, koo lililokauka msimu wa harusi, gharama za vipimo, na siku za mwanzo za kusubiri ambazo bima yenye malipo ya kila wiki haizilipi. Inasaidia pia wakati kazi zinapopungua bila mtu kuugua, kama mwezi wa Ramadhani ambapo kumbi nyingi za taarab na dansi hunyamaza, au Kwaresima ambapo harusi za Kikristo hupungua. Udhaifu wake ni kimo chake. Akiba ya miezi sita humfikisha mtu mwezi wa sita, na madhara ya kiharusi au ya uti wa mgongo uliovunjika kwenye ajali ya bodaboda alfajiri, wakati wa kurudi kutoka kazini, huweza kudumu maisha yote.

Kwa hiyo hasara ndogo zinazorudi mara kwa mara zibebwe na akiba, na hasara kubwa isiyotarajiwa ibebwe na bima. Kinachobaki ni utaratibu. Akiba ya mwezi mmoja wa matumizi ya nyumbani itangulie, kwa sababu bila hiyo hata ada ya bima itakatika mwezi wa kwanza wenye shida. Ifuate bima ya ajali binafsi, kisha akiba iendelee kupanda hadi miezi mitatu, na kwa mwenye watoto au wazazi wanaomtegemea, sita. Ulinzi dhidi ya maradhi uongezwe kipato kinapotulia.

Kwa mfano, mshereheshaji mwenye matumizi ya nyumbani ya shilingi 800,000 kwa mwezi anahitaji 2,400,000 kwa miezi mitatu. Ikiwa wastani wa mapato yake ni 1,200,000 kwa mwezi, na kila malipo yanapoingia anatenga asilimia 15 kabla ya matumizi mengine, atakuwa akiweka 180,000 na kufikia lengo baada ya takriban miezi 14. Wastani huo ukokotolewe kwa mapato ya miezi 12 mfululizo, bila kuhesabu fedha za kutuzwa jukwaani, ambazo haziwezi kupangiwa. Kutumia mapato ya Desemba kama kipimo cha mwaka mzima ni kujidanganya.

Fedha hiyo ikae mahali inapopatikana ndani ya siku chache. Akaunti tofauti ya benki inafaa, na vilevile Mfuko wa Ukwasi wa kampuni ya uwekezaji ya UTT AMIS. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) unafaa kwa uzee na uchangiwe, lakini haujawekwa kwa ajili ya kodi ya nyumba ya mwezi ujao. Kikundi cha kukopeshana nacho ni msaada, ila fedha iliyo mikononi mwa wakopaji haipatikani usiku wa dharura.

Uaminifu ni sharti la pande zote mbili. Msanii anayejaza fomu ya bima aeleze maumivu ya zamani, ugonjwa alionao na namna anavyosafiri usiku, kwani jambo lililofichwa huweza kubatilisha madai yote. Atunze mikataba, risiti, taarifa za benki na kumbukumbu za kodi, maana kampuni haiwezi kulipa kipato ambacho hakina ushahidi. Ajali itolewe taarifa ndani ya muda uliotajwa, pamoja na ripoti ya daktari na, inapohusu barabara, ya polisi. Kampuni nayo ina wajibu wa kutoa sababu za kukataa madai kwa maandishi. Mwenye bima asiporidhika anaweza kupeleka lalamiko lake kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Hatua iliyo karibu kuliko zote imo mikononi mwa vyama vya wasanii. Bima ya kikundi kwa kawaida huwa na ada nafuu kwa kila mtu, na watu hamsini wana nguvu ya kudai maneno “kazi yake mwenyewe” yaandikwe katika mkataba, nguvu ambayo mpiga kinanda mmoja hana. Viongozi wa vyama vya muziki, uigizaji na ushereheshaji wanaombwa kuliingiza suala hili katika mkutano mkuu ujao, wakiwa na rasimu za mikataba kutoka kampuni zisizopungua tatu.