Kazi ya Kutangaza Biashara Mtandaoni: Anza na Pesa Inayohesabika

Kama una simu nzuri na bando la kutosha, bila shaka umeshaambiwa: "Ingia uuzaji wa mtandaoni, huko ndiko pesa iko." Ni kweli pesa iko. Duka la viatu, saluni, fundi wa viti na hata shamba la kuku sasa vina ukurasa wa Facebook, Instagram ama TikTok. Wengi wa wenye biashara hizo hawana muda wa kuposti, kujibu meseji na kuangalia ni tangazo gani linaleta wanunuzi. Hapo ndipo wewe unaingia.

Lakini wengi huanza kazi hii na kuiacha baada ya miezi michache. Si kwamba hawajui kutengeneza posti. Ni kwamba wanashindwa kumwonyesha mwenye biashara pesa yake imefanya nini. Laiki 800 hazilipi kodi ya duka. Katika somo hili tutapitia hatua za kuijenga kazi hii: unachohitaji kujifunza, namna ya kupata biashara ya kwanza, jinsi ya kuhesabu matokeo, na jinsi ya kulipwa bila ugomvi.

Hatua ya 1: Chagua tawi moja

Kutangaza biashara mtandaoni si kazi moja. Ina matawi kadhaa:

- Matangazo ya kulipia kwenye Facebook, Instagram, TikTok ama Google.
- Kuandaa tovuti ya biashara ili ionekane juu mtu akitafuta kitu kwenye Google.
- Kuandika, kupiga picha na kutengeneza video za kuposti.
- Kusimamia WhatsApp Business: katalogi, majibu ya haraka na kufuatilia walioulizia bei.

Usijaribu yote mara moja. Kama uko na simu tu, anza na WhatsApp Business pamoja na matangazo madogo ya Facebook na Instagram. WhatsApp Business ilikuja mwaka 2018, na kuitumia kwa biashara ndogo ni bure. Kama unapenda kuandika na uko na kompyuta, tawi la Google linaweza kukufaa zaidi, ingawa matokeo yake huchukua muda.

Hatua ya 2: Jifunze bila kulipa kwanza

Kabla ya mtu kukuuzia kozi ya KSh 15,000, jua kwamba wenye mitandao wenyewe hufundisha bure. Google wana Skillshop, Meta wana Blueprint, na HubSpot Academy wana kozi zenye cheti. Hapa nyumbani kuna mpango wa serikali wa Ajira Digital, ulioanzishwa mwaka 2016 kufundisha vijana kazi za mtandaoni. Gharama yako hapo ni bando na muda.

Cheti kitakusaidia kidogo. Mwenye duka hatakuuliza kuhusu cheti. Atakuuliza, "Umewahi kuuzia nani?" Kwa hivyo jifunze kwa wiki chache, kisha tafuta kazi ya kweli, hata kama ni ndogo.

Hatua ya 3: Biashara ya kwanza iwe karibu nawe

Anza na mtu unayeweza kumtembelea kwa miguu. Ukiwa karibu utaona wanunuzi wanauliza nini, bidhaa gani inatoka haraka, na ni msimu gani pesa huingia. Muuza sare za shule hahitaji tangazo kubwa mwezi wa Aprili kama analolihitaji kabla ya shule kufunguliwa Januari.

Usimwendee na maneno magumu. Ujumbe kama huu unatosha:

"Habari za asubuhi, mama. Mimi ni jirani wa hapa stage. Nimeona viatu vyako ni vizuri lakini ukurasa wako haujaposti tangu mwaka jana. Naomba nikusaidie kutangaza kwa wiki mbili. Bajeti ya tangazo ni KSh 3,000, na kila siku ya Jumamosi nitakuonyesha ni watu wangapi wamenunua. Malipo yangu tutaelewana ukishaona hesabu. Naweza kupita jioni tuongee?"

Angalia ujumbe huo umefanya nini. Umetaja pesa kamili, muda kamili, na siku ya kutoa hesabu. Mwenye biashara hanunui ahadi hewani.

Hatua ya 4: Jua kila mauzo yametoka wapi

Hiki ndicho kitu kinachotenganisha mtu wa kuposti na mtu wa kazi. Kuna njia tatu rahisi.

Ya kwanza, kama biashara inatumia Paybill ambayo inaruhusu mnunuzi kuandika namba ya akaunti anayotaka, tumia sehemu hiyo. Waliotoka Facebook waambie waandike FB, waliotoka TikTok waandike TT. Mwisho wa wiki ukifungua orodha ya miamala, utaona wazi.

Ya pili, kama biashara inatumia till, mnunuzi haulizwi namba ya akaunti. Hapo weka neno kwenye tangazo: "Taja neno MVUA upate soksi bure." Tangazo lingine lipe neno lingine. Anayehudumu dukani anaandika kwenye daftari.

Ya tatu, tumia linki fupi ya WhatsApp inayoanza na wa.me. Unaweza kuiwekea ujumbe tayari, kwa mfano "Nimeona viatu vya shule Facebook." Mtu akibonyeza, ujumbe huo unajiandika wenyewe, naye anatuma tu. Kila tangazo likiwa na ujumbe wake, hujiulizi tena nani katoka wapi.

Hatua ya 5: Piga hesabu hadi mwisho

Hebu tuchukue mfano wa duka la viatu. Namba hizi ni za kujifunzia tu.

Kiatu kinauzwa KSh 1,500. Mwenye duka alikinunua KSh 900, kwa hivyo faida ni KSh 600. Umeweka matangazo mawili, kila moja KSh 1,500, jumla KSh 3,000. Watu 60 wametuma meseji, 9 wamenunua.

- Faida ya viatu 9: KSh 5,400
- Toa pesa ya matangazo: KSh 3,000
- Inabaki: KSh 2,400

Sasa ukimwambia mama akulipe KSh 5,000, atapata hasara, na hatakuita tena hata kama alifurahia picha zako. Ukimwambia KSh 2,000, anabaki na KSh 400. Bado ni kidogo, lakini angalau biashara haijaumia.

Kazi yako inaanza hapo. Ukiangalia daftari unaona tangazo la kwanza lilileta wanunuzi 7, la pili 2. Mzunguko unaofuata unazima la pili na kuweka KSh 3,000 zote kwenye la kwanza. Tuseme sasa wananunua 12. Faida ni KSh 7,200. Toa tangazo KSh 3,000 na malipo yako KSh 2,000, mama anabaki na KSh 2,200. Hiyo ndiyo karatasi ya kuonyesha duka linalofuata. Biashara tatu ama nne za namna hii zikikuamini, una kazi.

Na usisahau wale 51 ambao waliuliza na hawakununua. Waliulizia saizi ambayo haipo? Bei ya kutuma Kisumu iliwashtua? Walijibiwa baada ya masaa sita? Mara nyingi shida haiko kwenye tangazo bali kwenye majibu. Ukimsaidia mwenye duka kujibu ndani ya dakika kumi, mauzo yanaweza kupanda bila kuongeza hata bob moja.

Hatua ya 6: Pesa ya tangazo si mshahara wako

Kazi nyingi huvunjika hapa. Mwenye biashara anakutumia KSh 5,000 "ya kutangaza." Kodi ya nyumba imefika, unatoa 2,000 ukisema utarudisha Ijumaa. Ijumaa haifiki. Tangazo linaisha mapema, wanunuzi wanapungua, na mwenye biashara anaanza kuuliza maswali. Jina likishaharibika mtaani, hakuna tangazo la kulisafisha.

Kwa hivyo fuata kanuni hizi:

1. Pokea malipo yako na pesa ya tangazo kwa miamala miwili tofauti, hata kama zinatoka kwa mtu mmoja siku moja.
2. Bora zaidi, mwenye biashara alipie tangazo mwenyewe kwa kadi yake. Wewe uongezwe tu kama msimamizi wa akaunti ya matangazo.
3. Ukurasa na akaunti ya matangazo viandikishwe kwa jina la biashara. Mkiachana, kila mtu abaki na chake.
4. Usiombe wala kupokea PIN ya mtu. Huihitaji kwa kazi hii. Hesabu za mauzo mwenye biashara anaweza kukutumia.
5. Andikeni mapatano, hata kwa WhatsApp: kazi gani, muda gani, bei gani, hesabu inatolewa lini. Omba nusu ya malipo kabla ya kuanza.
6. Kumbuka matangazo mengine hutozwa kwa dola. Kadiria mabadiliko ya bei ya dola na ada ya kadi kwenye bajeti.

Ukilipwa, usiamini picha ya meseji uliyotumiwa. Angalia salio lako ama orodha ya miamala kabla ya kuanza kazi. Mfundishe pia anayehudumu dukani afanye hivyo kabla ya kutoa mzigo.

Hatua ya 7: Namba za wanunuzi si mali yako

Mtu akilipa, namba yake inaweza kuonekana kwenye rekodi za biashara. Kishawishi ni kuzikusanya zote na kuwatumia ofa kila Jumatatu. Usifanye hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mtu akubali kwanza kabla ya taarifa zake kutumika kibiashara. Muulize: "Ungependa tukujulishe mzigo mpya ukifika?" Akikubali, hifadhi jibu lake. Akisema acha, acha siku hiyo hiyo.

Picha nazo ni hivyo hivyo. Mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza klabu moja ya Nairobi KSh 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake. Duka dogo likipata faini kama hiyo linafungwa. Ukiwa wewe ndiye uliyeposti, usitegemee kuitwa tena.

Jihadhari na "kazi" hizi

Kwa sababu watu wengi wanatafuta kazi ya mtandaoni, matapeli wako hapo pia. Unaongezwa kwenye kundi la WhatsApp ama Telegram usilolijua. Unaambiwa ulaiki video tatu, unatumiwa KSh 150 kweli. Kesho unaambiwa uweke KSh 2,000 ili upande daraja. Halafu 10,000. Siku ya kutoa pesa, unaambiwa ulipe "ushuru" kwanza. Hapo imeenda.

Kumbuka jambo moja: kwa kazi ya kweli, mwenye biashara ndiye anayekulipa. Ukiona wewe ndiye unayetuma pesa ili ufanye kazi, ondoka. Kama umeshatuma, usiongeze nyingine ili kuokoa ile ya kwanza. Piga ripoti kwa huduma kwa wateja mara moja na uende polisi ukiwa na meseji za miamala.

Usiiache KRA nyuma

Mapato ya mtandaoni ni mapato. Uwe na PIN ya KRA, weka rekodi ya kila malipo, na uwasilishe ritani ya mwaka kabla ya mwisho wa Juni 30. Kampuni kubwa zikianza kukuita, zitataka ankara ya eTIMS. Kama huna, kazi itaenda kwa mwingine. Ukitumia laini ama akaunti moja kwa kazi peke yake, taarifa yako ya miamala itakusaidia hapa, na pia siku utakapoomba mkopo.

Zoezi la wiki hii

1. Chagua biashara moja ndani ya kilomita moja kutoka unapoishi.
2. Uliza mwenyewe maswali matatu: bidhaa gani inatoka zaidi, faida yake ni ngapi kwa kila moja, na wanunuzi hulipa kwa njia gani.
3. Andika bajeti ya tangazo ya KSh 1,000. Piga hesabu: ni lazima ziuzwe bidhaa ngapi ili pesa hiyo irudi?
4. Tengeneza linki moja ya WhatsApp yenye ujumbe tayari.

Kwa kiatu chenye faida ya KSh 600, jibu la swali la tatu ni viwili: kimoja hakitoshi, cha pili kinarudisha pesa na kuacha KSh 200. Ukiweza kumweleza mwenye duka hesabu hiyo kwa lugha anayoielewa, umeshapita wengi wanaojiita wataalamu.